Ugunduzi Hauna Miguu

Kila siku saa mbili usiku, redio inapoanza kusoma taarifa ya habari, dada yangu mkubwa humeza kidonge kimoja kidogo. Alibadilishiwa valvu ya moyo miaka tisa iliyopita, na daktari alimweleza wazi kwamba kidonge hicho atakuwa nacho mpaka mwisho wa uhai wake. Bila hicho damu yaweza kuganda kwenye valvu ya bandia, kipande kikachukuliwa hadi kwenye ubongo, na hapo ndipo kiharusi. Tangu siku ile maisha ya nyumba yetu yamepangwa kukizunguka kidonge. Dada akila mchicha, kisamvu au matembele mengi kuliko kawaida yake, dawa hupungua nguvu. Akiacha mboga za majani kabisa, dawa humzidi nguvu. Basi mboga hupimwa kwa kikombe, na kila baada ya wiki kadhaa yeye hupanda daladala kwenda kupimwa damu yake inachukua muda gani kuganda.

Jioni moja aliligeuza boksi la dawa mkononi, akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesomea kemia. Hili jina, warfarin, maana yake nini?"

Nimefanya kazi ya utafiti wa kilimo kwa miaka zaidi ya thelathini, na bado swali lile lilinishinda. Nilipotafuta jibu nilitegemea kukuta jina la mmea, au la mgunduzi, au neno la Kilatini. Kumbe herufi nne za mwanzo, W, A, R na F, ni za ofisi. Ni Wisconsin Alumni Research Foundation, yaani Wakfu wa Utafiti wa Wahitimu wa Wisconsin, huko Marekani. Silabi za mwisho zimetokana na kumarini, jamii ya kemikali inayopatikana katika mimea.

Nilipomweleza dada, alicheka hata akashika kifua. "Yaani kila usiku nameza ofisi?"

Naam, anameza ofisi. Nami nimeandika sura hii kwa sababu ya kicheko kile, na kwa sababu ya mama mmoja mkulima wa maharage ambaye nitamfikia mwishoni. Nimekuja kuamini kwamba ofisi ile ina jambo la kutufundisha sisi tuliopitisha maisha yetu katika maabara za vyuo, nasi hatukulijua kwa wakati.

Wisconsin ni jimbo la kaskazini ya Marekani, nchi ya baridi kali, ya ng'ombe wa maziwa, siagi na jibini. Chuo kikuu chake kiko katika mji wa Madison. Mwishoni mwa karne ya 19 wafugaji wa huko walikuwa na ugomvi usiokwisha na wenye viwanda vya siagi. Maziwa yalinunuliwa kwa uzito tu, hivyo mfugaji mwaminifu aliyeleta maziwa mazito alilipwa sawasawa na jirani yake aliyeyatia maji au kuyaengua malai. Mwaka 1890 mkemia wa chuo hicho, Stephen Babcock, alitangaza njia rahisi ya kuumaliza ugomvi. Maziwa kidogo hutiwa asidi ya salfuriki katika chupa yenye shingo nyembamba iliyochorwa mistari. Chupa huzungushwa kwa kasi kwenye mashine. Mafuta hupanda shingoni, nawe wasoma kiasi chake kwa macho. Tangu hapo haikuwa rahisi tena kumdanganya mnunuzi wala kumpunja mfugaji.

Babcock hakuomba hataza, yaani ile hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake kwa miaka maalumu. Alikiacha kipimo kiwe mali ya watu wote, na kwa sababu hiyo alipata heshima kubwa ambayo hata leo hajanyang'anywa. Lakini kitu kilicho cha kila mtu huwa hakina mlinzi. Walijitokeza watengenezaji waliouza chupa zenye mistari ya ovyo, na hapakuwa na mwenye haki ya kuwakataza kulitumia jina la kipimo kile.

Jambo hilo aliliona kijana mmoja aliyekulia shambani Wisconsin, Harry Steenbock, mzaliwa wa mwaka 1886. Alisoma chuoni hapo, akashiriki katika majaribio mashuhuri ya kulisha ng'ombe yaliyoanza mwaka 1907, kisha akabaki kuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa vitamini, elimu iliyokuwa changa bado. Na tatizo lililomkalia moyoni lilikuwa matege.

Sisi wa nchi za jua matege tunayaona, lakini si kwa wingi ule. Katika miji ya kaskazini ya Ulaya na Marekani, yenye moshi wa viwanda na miezi mingi isiyo na jua, mifupa ya watoto wengi sana ilikuwa laini, miguu ikipinda kama upinde na vifua vikibonyea. Madaktari walikwisha jua kwamba mafuta ya maini ya samaki husaidia, na mwanga wa jua husaidia pia. Ila hakuna aliyeeleza vizuri vitu hivi viwili visivyofanana vinakutania wapi. Steenbock alichukua panya wenye matege, akawamulika kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, wakapona. Kisha akafanya jambo ambalo lilikuwa ufunguo: hakuwamulika panya, alimulika chakula chao. Wakapona vilevile. Maana yake ni kwamba vitamini D ingeweza kutengenezwa ndani ya nafaka, mafuta au maziwa kwa kuviweka chini ya taa kwa muda mfupi. Alichapisha habari hizo mwaka 1924.

Kabla ya hapo, msomaji, angalia alichofanya. Aliomba hataza, akitumia fedha zake mwenyewe, kiasi cha dola 300. Baadhi ya wasomi wenzake walinung'unika. Mtu wa chuo, tena katika jambo linalohusu afya ya watoto, anawezaje kudai haki ya peke yake? Ndipo kampuni ya Quaker Oats, watengenezaji wa uji wa shayiri, ikamjia na ahadi ya karibu dola milioni moja ili iwe na haki hiyo yenyewe. Kwa mwalimu wa mwaka 1924 hizo zilikuwa fedha za kumtoa mtu kazini asirudi tena. Steenbock alikataa.

Hakutaka kukiachilia kitu chake kama Babcock, wala hakutaka kukiuza. Alitaka nini basi? Alitaka mtu wa kukibeba. Aliogopa matapeli wangeuza vyakula visivyomulikwa ipasavyo kwa jina la vitamini. Aliogopa pia kampuni moja ingekumbatia kila kitu. Na aliona kwamba fedha ikipatikana, haki yake ni kurudi pale ilikoanzia, kwenye utafiti. Alikipelekea chuo pendekezo hilo, lakini baraza la chuo halikuwa na hamu ya kuingia katika mambo ya hataza na biashara. Wala silaumu. Chuo kimeundwa kufundisha na kutafiti. Hakikuundwa kukimbizana na wenye viwanda.

Hapo wanaingia watu ambao majina yao hayasomwi katika vitabu vya sayansi. Charles Slichter alikuwa mwalimu wa hisabati na mkuu wa masomo ya shahada za juu. Yeye, pamoja na Harry Russell, mkuu wa kitivo cha kilimo, walikuja na wazo la kuunda chombo nje ya chuo, kitakachoendeshwa na wahitimu waliofanikiwa katika biashara na sheria. Slichter aliwaendea wahitimu hao huko Chicago na New York. Tisa kati yao walitoa dola 100 kila mmoja, na kwa dola hizo 900 wakfu ulizaliwa mwezi Novemba 1925. Mmoja wa nguzo zake alikuwa George Haight, wakili wa Chicago.

Kazi ya wakfu ni rahisi kuielezea na ngumu kuifanya. Mgunduzi huleta ugunduzi wake. Wakfu hutafuta hataza, hutafuta mwenye kiwanda anayefaa, humpa leseni kwa masharti, hukagua bidhaa yake isiwe ya uongo, hukusanya mrabaha, huwekeza fedha, na faida huipeleka chuoni kwa utafiti. Mwanasayansi anabaki na panya wake. Mwaka 1927 Quaker Oats ilipata leseni, safari hii kwa vyakula vya asubuhi tu na kwa masharti ya wakfu. Kampuni za dawa zikafuata, kisha wenye viwanda vya maziwa. Katika miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulipoanguka na bajeti za vyuo zikakatwa, fedha za wakfu zilisaidia kuwabakiza watafiti vijana ambao wangeondoka. Na matege, ugonjwa uliokuwa wa kawaida katika mitaa ya maskini, yakapungua hata madaktari vijana wakawa hawayaoni mara kwa mara.

Lau ningeishia hapa, ningekuwa nimeandika hadithi nzuri ya kuwasomea watoto. Lakini ipo habari ya siagi.

Steenbock alikuwa mtoto wa wafugaji, na Wisconsin iliishi kwa maziwa. Adui mkubwa wa siagi alikuwa majarini, mafuta ya bei nafuu ambayo maskini wa mijini walipaka kwenye mkate. Endapo majarini ingetiwa vitamini D, siagi ingepata mshindani mkali zaidi. Kwa hiyo wenye viwanda vya majarini walipotaka leseni, walinyimwa. Fikiri vizuri: watoto waliokuwa wakiugua matege zaidi ni watoto wa maskini, na maskini ndio waliokula majarini. Dawa ilikuwepo, taa ilikuwepo, lakini mlinzi wa mlango alikuwa na ng'ombe wake wa kulinda.

Mambo hayo hayakupita kimya. Mwaka 1943 serikali ya Marekani iliushtaki wakfu kwa kuhodhi biashara. Katika kesi nyingine, iliyoanzia California, mahakama ya rufani iliamua kwamba hataza za Steenbock hazikustahili kutolewa, na majaji hawakulifumbia macho suala la majarini ya maskini. Kufikia mwaka 1946 hataza hizo zilikuwa zimeachiwa umma. Kwa takriban miaka ishirini wakfu ulikuwa umewafikishia mamilioni ya watu kitu chema, na miaka hiyohiyo ulikuwa umewanyima wengine kitu kilekile. Yote mawili ni kweli, na sioni njia ya kulitaja moja bila jingine.

Sasa nirudi kwenye kidonge cha dada.

Mwezi Februari 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mkulima Ed Carlson wa Deer Park aliendesha gari karibu maili 190 hadi Madison. Alikuwa amebeba mtamba aliyekufa, debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na ratili 100 hivi za majani makavu ya klova. Ng'ombe wake walikuwa wakifa kwa kutokwa na damu. Ugonjwa wenyewe ulikwisha fahamika tangu miaka ya 1920: ulitokana na klova iliyooza, na dawa yake ilikuwa kuacha kulisha majani yale. Lakini ule ulikuwa wakati wa dhiki kuu, na Carlson hakuwa na lishe nyingine. Alikuwa akiitafuta ofisi ya daktari wa mifugo, akaikuta imefungwa, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Akabisha mlango uliokuwa wazi, nao ulikuwa wa maabara ya mkemia Karl Paul Link.

Link hakuwa na cha kumpa. Alimshauri aache kulisha klova iliyoharibika na ajaribu kuwaongezea damu ng'ombe waliosalia. Mkulima akarudi kwenye theluji. Lakini damu ilibaki maabara, na Link na wasaidizi wake hawakuweza kuisahau. Walihangaika miaka sita. Mwaka 1939 mmoja wao, Harold Campbell, akaiona chini ya hadubini fuwele ya kitu chenyewe kinachozuia damu kuganda. Waliitambua kemikali hiyo, wakaitengeneza wenyewe, nayo ikaitwa dikumaroli. Hataza ikapelekwa kwenye wakfu, nayo dawa ikaanza kutumika hospitali kwa watu wenye damu inayoganda mahali pasipotakiwa.

Miaka michache baadaye Link aliugua kifua kikuu. Akiwa kitandani alisoma sana habari za sumu za panya, akapata wazo kwamba mojawapo ya kemikali za jamii ile ingefaa kazi hiyo. Ilichaguliwa yenye nguvu zaidi, ikaingia sokoni mwaka 1948, na kwa kuushukuru wakfu uliogharimia kazi, ikaitwa warfarin. Panya waliila bila kushtuka kwa sababu haiui papo hapo. Mwaka 1951 askari mmoja wa Marekani alijaribu kujiua kwa sumu hiyo. Akatibiwa kwa vitamini K akapona kabisa. Madaktari wakajiuliza kama kitu hicho hakingeweza kumfaa binadamu. Mwaka 1954 kiliruhusiwa kuwa dawa, na mwaka 1955 Rais Eisenhower alipopata shambulio la moyo, alipewa hicho hicho. Vitamini K ile iliyomponya askari ndiyo iliyomo katika mchicha na kisamvu, na ndiyo maana mboga za dada hupimwa kwa kikombe.

Mtu aweza kusema hayo yote ni bahati: mlango mmoja kufungwa na mwingine kuwa wazi. Bahati ipo. Lakini jiulize damu ile ingefika wapi kama nyuma ya Link pasingekuwepo na chombo. Ni chombo kilichogharimia utafiti kwa fedha zilizotokana na taa ya Steenbock. Ni chombo kilichoandika hataza, kikamtafuta mwenye kiwanda, kikazungumza naye bei, na kikapeleka tena fedha maabara.

Vyuo vingine vya Marekani vilichelewa kuiga. Kwa miaka mingi utafiti uliogharimiwa na serikali ulikuwa mali ya serikali, nayo serikali ilikusanya hataza kama mtu anavyokusanya funguo za nyumba asizoishi. Inasemekana zilifika 28,000, na zilizopata leseni hazikufika 5 katika kila 100. Sheria ya mwaka 1980, iliyopewa majina ya maseneta Bayh na Dole, iliviruhusu vyuo kumiliki vilichogundua. Mmoja wa walioipigania ni Howard Bremer, wakili wa wakfu wetu ule ule wa Wisconsin.

Huko California, katika Chuo Kikuu cha Stanford, mhandisi aitwaye Niels Reimers alikuwa ameanzisha ofisi kama hiyo mwaka 1970. Mwaka 1974 alisoma gazetini kwamba Stanley Cohen wa chuo hicho, pamoja na Herbert Boyer wa chuo jirani, walikuwa wamefanikiwa kuunganisha vipande vya jeni. Akampigia simu Cohen. Cohen hakuwa na hamu na hataza, kwani kazi ile ilisimama juu ya kazi za watu wengi. Reimers alimbembeleza hadi akakubali. Hataza ya kwanza ilitoka Desemba 1980, na leseni ikatolewa kwa kila aliyeitaka kwa ada ya dola 10,000 kwa mwaka. Hapakuwa na mlinzi wa siagi hapo. Kampuni zaidi ya 400 zilichukua leseni, na hadi hataza ilipokwisha mwaka 1997 mapato yalizidi dola milioni 250. Dawa nyingi zinazotengenezwa kwa njia ya jeni, insulini ya kisasa ikiwemo, zilipitia mlango huo. Somo la majarini, naona, lilikuwa limeeleweka.

Sasa niingie nyumbani kwangu mwenyewe, maana ni rahisi kuhesabu makosa ya Steenbock.

Katika miaka ya 1980 mimi na wenzangu wawili tulikuwa tukishughulika na fukusi wa maharage. Mkulima wa milimani huvuna vizuri, huweka magunia yake ndani, na baada ya miezi mitatu anakuta punje zimetobolewa kama chekeche. Wazee walikuwa na dawa yao: majani ya utupa, ule mmea ambao wavuvi wa mtoni huuponda kulewesha samaki. Majani yalikaushwa, yakatwangwa, yakachanganywa na maharage. Sisi hatukugundua utupa. Tulichofanya ni kuuliza ni kiasi gani, majani ya umri gani, yakaushwe juani au kivulini, na unga hudumu muda gani kabla ya kuisha nguvu. Tulipata majibu, na yalikuwa mazuri. Tuliyaandika katika ripoti yenye jalada la kijani. Nakala sita zilipigwa chapa. Moja ilipelekwa kwa wafadhili, moja maktaba, nyingine zikaenda nisikokujua.

Mwaka uliofuata alikuja ofisini mama mmoja wa makamo, mwenye shamba lake milimani. Alikuwa mmoja wa wakulima waliotuachia magunia ya majaribio. Alikuwa ameshuka kwa miguu hadi barabarani, kisha akapanda lori. Mkononi alikuwa na kifurushi cha kanga.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Ule unga mliotupa mwaka jana ulifaa. Mwaka huu nimevuna magunia manane. Nimekuja kununua. Unauzwa wapi?"

Nikamwambia hauuzwi bado, tunaandika ripoti. Akafungua kanga. Ndani mlikuwa na maharage yaliyotobolewa, na vumbi lake. Akayamwaga mezani pangu, juu ya karatasi, bila hasira. "Hayo ni ya gunia la kwanza," akasema. "Basi hiyo ripoti ikiisha mtatuambia."

Ripoti ilikuwa imekwisha. Ndilo lililonifanya nione haya hata leo. Ilikuwa imekwisha, ipo kabatini nyuma ya kiti changu. Hapakuwa na mtu katika taasisi yetu ambaye kazi yake ilikuwa kuichukua kutoka kabatini hadi kwenye duka la pembejeo. Nilikwenda kwa mkuu wangu kuuliza kama twaweza kutafuta mwenye kinu atusagie unga na kuuza. Alinijibu kwamba sisi ni watafiti, si wachuuzi. Ningependa kuandika kwamba nilibishana naye. Sikubishana, kwa sababu moyoni nilikubaliana naye. Niliona biashara ni kazi ya watu wengine, tena ya chini kidogo. Nilirudi mezani, nikakung'uta vumbi la maharage, nikaanza kuandika ombi la utafiti mwingine.

Sikumwona tena mama yule. Mwenzangu mmoja alihamia nchi nyingine, mwingine alifariki. Kabati lilihamishwa tulipopakwa rangi upya, na ripoti za kijani sijui ziko wapi.

Sisemi kwamba nchi yetu haikuwa na chochote. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na vyuo vyetu vimekuwa vikijaribu kufungua ofisi za kuwasaidia watafiti kuvuka kwenda sokoni. Na mifano imeanza kuonekana. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu aliyesomea kemia ya vitu vidogo sana hadi Korea Kusini, alirudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha. Alitengeneza chujio la maji la mchanga likisaidiwa na chembe hizo ndogo, ambalo laweza kurekebishwa kufuatana na uchafu wa maji ya mahali, iwe floridi au vijidudu. Mwaka 2015 alikuwa wa kwanza kushinda tuzo ya uhandisi kwa Afrika ya chuo cha wahandisi wa Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Magazeti yaliandika sana habari za pauni. Mimi nilivutiwa na jambo ambalo halikupewa nafasi kubwa: kabla ya tuzo, waliochaguliwa walipewa miezi kadhaa ya mafunzo na washauri wa biashara. Mtu aliketi naye wakahesabu gharama, bei, nani atauza maji na wapi. Hicho ndicho nilichokikosa mimi. Na zaidi ya kukikosa, sikujua kwamba ni kitu cha kutafutwa.

Wakati mwingine vijana wa chuo huja kunitembelea, wakaniuliza kama ni halali mtafiti anayelipwa kwa kodi za wananchi kuuza alichogundua. Huwajibu kwamba swali hilo limekuja mapema mno. Kwanza waulize: kitu hiki kitafikaje kwa anayekihitaji? Wakiona hakina njia, basi kukiacha bure si ukarimu. Ni kukiacha tu. Utupa wetu ulikuwa wa bure, na haukumfikia mtu. Baada ya hapo waulize swali la pili, nalo ndilo gumu: huyu tunayempa akibebe, ana ng'ombe gani wa kulinda? Steenbock alijibu swali la kwanza vizuri kuliko Babcock, akajikwaa kwenye la pili. Mimi sikufika hata kwenye la kwanza.

Jana usiku dada alimeza kidonge chake kama kawaida. Aliniambia vipimo vya wiki hii vimetoka vizuri, na kwamba daktari amemruhusu kuongeza mboga kidogo, mradi iwe kiasi kile kile kila siku. Kisha akauliza, "Na yule mkulima wa ng'ombe, aliwahi kuambiwa kilichotokana na damu yake?"

Nikamwambia hilo sijalisoma popote. Akanyamaza, akasikiliza redio. Mimi nilikuwa nikimfikiria mama wa milimani, na magunia yake manane.